Kutia Kipumuo Katika Siku: Somo la Taamuli kwa Mwanafunzi wa Nairobi

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Hebu nianze kwa swali. Ni lini mara ya mwisho ulikaa dakika moja nzima bila kusoma, bila kuongea, bila kushika simu, bila kusinzia na bila kupiga hesabu ya utakachofanya baadaye? Ukisema hukumbuki, usijali, tuko wengi. Hadi muhula wa pili wa mwaka jana hata mimi singekuwa na jibu. Kilichonifundisha ni mtihani wa Hisabati pamoja na nyanyangu muuza mboga, na hao wawili ndio walionisukuma kuandika makala haya.

Kisa chenyewe

Sisi tunakaa Kawangware, na shule yetu iko ng'ambo ya pili ya mji. Ili kuwahi, mimi hutoka nyumbani saa kumi na moja u nusu alfajiri. Wiki moja kabla ya mtihani huo, babangu alirudi nyumbani adhuhuri akiwa na bahasha mkononi. Alikuwa amefutwa kazi. Usiku wa kuamkia mtihani, wazazi wangu walizozana kuhusu kodi ya nyumba mpaka usiku wa manane. Nyumba yetu ni ya mabati, na ukuta wa mabati hauzuii neno. Nililala saa nane na kuamka saa kumi na moja.

Matatu nayo ikakwama. Makanga alipandisha nauli kwa sababu mvua ilinyesha, abiria wakateta, dereva akazima injini. Nilifika darasani mtihani ukiwa umeanza dakika kumi zilizopita. Nikafungua karatasi. Swali la kwanza lilikuwa rahisi, lile ambalo siku nyingine ningelifanya huku nikitafuna mandazi. Lakini tarakimu zilicheza machoni, viganja vikatoa jasho, na moyo ukadunda kama ngoma ya harusi. Nilikaa hivyo kwa muda mrefu nikijiambia, "Fanya haraka! Fanya haraka!" Kadiri nilivyojihimiza ndivyo kichwa kilivyozidi kuwa kitupu. Nilimaliza maswali matatu tu. Alama nilizopata sitazitaja hapa, maana gazeti hili husomwa na mamangu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kumsaidia nyanyangu. Ana kibanda cha mboga karibu na soko, na mboga zake hutoka upande wa Limuru. Alipomaliza kubeba gunia la kabeji kutoka barabarani, hakuanza kupanga mali. Alikaa juu ya kreti, akaweka mikono mapajani, akatulia tuli. Watu walipita, mikokoteni ikapita, redio ya kinyozi ikapiga kelele. Yeye kimya.

"Nyanya, unaomba?" nikamwuliza.

"La. Kuomba nimeshaomba nyumbani."

"Basi unalala?"

"Nikilala, sukuma wiki hizi atachunga nani?"

"Sasa unafanya nini?"

"Ninatua, mjukuu wangu. Gunia nimelitua. Mimi mwenyewe bado sijatua."

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Akanieleza kwamba miaka kadhaa iliyopita moto uliteketeza vibanda vya sehemu hiyo usiku mmoja. Alipofika asubuhi na kukuta majivu, wenzake walipiga mayowe, na wengine wakakimbia huku na huku bila kujua waendako. Jirani akampa kiti. Akakaa, akapumua, akapumua tena, mpaka mikono ikaacha kutetemeka. Ndipo akaanza kuhesabu: nani anamdai, nani anadaiwa, nani anaweza kumkopesha mboga za siku moja. "Sikuwa jasiri," akaniambia. "Niliogopa sana. Lakini niliona mtu hawezi kuhesabu akiwa anakimbia."

Tangu siku ile hutua kila asubuhi, moto uwepo usiwepo. Nilipomsimulia mwalimu wetu mlezi wa chama, alisema kwamba jambo hilo lina jina, na ni jina la Kiswahili.

Neno lenyewe

Jina lenyewe ni taamuli. Ni neno lenye asili ya Kiarabu, kama lilivyo tafakuri. Kwa matumizi ya kila siku, tafakuri huelekea upande wa kuwaza jambo kwa kina, na taamuli upande wa kuelekeza nia mahali pamoja kwa utulivu. Katika makala haya nitatumia taamuli kwa maana hiyo ya pili. Ukipenda kulifafanua kwa sentensi moja, sema hivi: taamuli ni zoezi la kuituliza nia kwa kuiweka juu ya kitu kimoja, na kuirudisha kila inapotoroka.

Lakini neno la nyanyangu, kutua, ni la Kibantu, na linastahili kuangaliwa na kila mwanafunzi wa Kiswahili. Tazama linavyonyambuka:

tua – weka mzigo chini, shuka kutoka angani (ndege), zama (jua)
tulia – kuwa bila fujo wala haraka
tuliza – fanya mtu au kitu kitulie
tulizana – tuliza mmoja kwa mwingine
tulivu – enye kutulia
utulivu – hali ya kutulia
kituo – mahali pa kutua

Unaona, ndugu msomaji? Mtu aliyetulia ni mtu aliyetua. Na mahali tunapopandia matatu kila siku, tukisukumana na kukanyagana, panaitwa kituo! Wengi wetu hufika kituoni bila kutua hata kidogo.

Hata uakifishaji una somo hapa. Alama ya mkato, yaani koma, vitabu vingine huiita kipumuo. Ni mahali ambapo msomaji huvuta pumzi kabla ya kuendelea. Sote tumeadhibiwa na walimu kwa kuandika insha ya ukurasa mzima bila kipumuo hata kimoja. Sasa itazame siku yako: kuamka, matatu, gwaride, darasa, mtihani, matatu, kazi za nyumbani, simu, usingizi. Sentensi ndefu isiyo na mkato. Taamuli ninayoizungumzia ni kutia vipumuo katika sentensi hiyo. Huhitaji kuibadilisha sentensi yenyewe.

Je, ni mambo ya nani?

Nilipoleta habari hii chamani, mwenzangu mmoja alidakia, "Wacha bwana, hayo si mambo ya Wahindi?" Mwingine akasema mchungaji wao amewaonya. Maswali hayo ni ya haki, na yafaa kujibiwa bila kejeli.

Ni kweli kwamba India ni miongoni mwa nchi zilizositawisha taamuli tangu kale. Ndiko Buddha alikofundisha wafuasi wake kuangalia pumzi, takriban miaka 2500 iliyopita. Lakini India haikuwa peke yake. Watawa wa Kikristo walioishi jangwani Misri katika karne ya 4 walikuwa wakirudiarudia sala fupi ili nia isitangetange. Waislamu wana dhikri, ambayo wengi huihesabu kwa tasbihi yenye shanga 33 au 99. Wakatoliki wana rozari. Ingia Basilika ya Familia Takatifu katikati ya jiji siku ya kazi, saa ya chakula cha mchana, nawe utakuta wafanyakazi wa ofisi wamekaa kimya kabla ya kurudi kazini. Hatua chache kutoka hapo, kwenye Msikiti wa Jamia, mtu huacha viatu mlangoni na kelele za barabarani nje.

Wenzetu wengi wa Kangemi na Kawangware ambao wazazi wao walitoka Magharibi wanalijua kanisa la Marafiki, wale Quakers waliofika Kaimosi mwaka wa 1902. Ibada zao hapa Kenya huwa na nyimbo nyingi, lakini chimbuko la kanisa lao kule Uingereza ni ibada ya kukaa kimya pamoja.

Kwa hiyo kila mtu ana akiba ya utulivu katika dini yake. Anayetaka kutaamali kwa kutaja jina la Mungu, na ataje. Asiyetaka, pumzi inamtosha. Pumzi haina dini. Mkristo, Mwislamu, Mhindu na asiye na dini wote huipumua. Ukiwa na shaka, mwulize mzazi au kiongozi wako wa dini kabla ya kuanza. Usifanye kwa siri jambo unaloweza kulifanya kwa uwazi.

Aidha, taamuli imeingia hospitalini na katika vyuo vikuu. Mwaka wa 1975 daktari Herbert Benson wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alichapisha kitabu akieleza jinsi mwili unavyotulia mtu anaporudiarudia neno moja huku amekaa kimya. Mwaka wa 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo katika chuo kikuu cha tiba huko Massachusetts kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyokwisha. Mafunzo yake huchukua wiki 8. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba mazoezi ya aina hii husaidia kiasi kupunguza wasiwasi. Nimesema kiasi. Atakayekuambia kwamba yanaponya kila kitu anauza dawa ya sokoni.

Mwilini kunatokea nini?

Turudi kwenye ule mtihani wangu. Mtu akiona hatari, mwili humwaga homoni ya adrenalini. Moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, damu hukimbilia misulini. Ni maandalizi mazuri ukikutana na mbwa mkali. Tatizo ni kwamba mwili hautofautishi vizuri mbwa mkali na karatasi ya Hisabati. Ulinitayarisha nikimbie ilhali nilitakiwa niketi nifikiri.

Moyo hatuwezi kuuamuru upunguze mwendo. Pumzi tunaweza, na pumzi ina njia ya kuufikia moyo. Jaribu sasa hivi. Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wako wa pili, upande wa kidole gumba, mpaka usikie mshipa ukipiga. Vuta pumzi taratibu, kisha itoe taratibu zaidi. Ukiwa makini, utasikia kwamba mapigo huharakisha kidogo unapovuta na hupungua kidogo unapotoa. Si uchawi, neva zinazotawala moyo ndivyo zinavyofanya kazi. Ndiyo maana katika mazoezi yote yanayofuata tunasisitiza kutoa pumzi polepole. Kutoa ndiko kutua.

Mazoezi matano

Muhula uliopita baadhi yetu chamani tulijaribu mazoezi haya kwa wiki tatu na kuandika kwenye madaftari yale yaliyotusaidia. Nitayaeleza jinsi tulivyoyakubali.

1. Pumzi kumi. Hili ndilo mama wa mengine. Kaa, mgongo wima lakini usijikaze kama askari wa gwaride. Pumua kwa pua. Kila unapotoa pumzi, hesabu moyoni: moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Nia itatoroka. Ukifika nne utajikuta unawaza chakula cha mchana, au deni la mandazi, au yule mtu aliyekutazama vibaya. Usijigombeze. Rudi kwenye moja. Kule kurudi ndilo zoezi lenyewe, kama vile kuinua chuma ndiko kunakojenga misuli. Mwenzetu mmoja aliandika kwamba wiki nzima ya kwanza hakuwahi kupita sita. Hakuwa ameshindwa, alikuwa amerudi mara nyingi kuliko sisi sote.

Mtu mzima aliyepumzika hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Ukipumua taratibu, pumzi kumi huchukua kama dakika moja. Siku ina dakika 1,440. Nani atasema hana moja?

2. Matatu, macho wazi. Picha za taamuli huonyesha mtu amefumba macho kando ya ziwa. Fumba macho kwenye matatu ya mjini uone. Ukiyafumbua utakuta simu imehama. Kwa hiyo sisi wa Nairobi hutaamali macho wazi. Weka mkoba mapajani, mikono juu yake, tazama mgongo wa kiti kilicho mbele yako. Hesabu pumzi kwa vidole, kidole kimoja kwa pumzi moja, kimyakimya.

Na muziki je? Na makanga anayegonga bodi? Na honi? Usishindane nazo. Zifanye ziwe zoezi. Sikiliza honi kama honi tu, bila kuongeza, "Huyu dereva ni mjinga." Barabara ya Waiyaki ina kelele za kutosha kumfunza mtu mwaka mzima. Tangu mwaka wa 2022, wenye magari walio na pesa hulipa wakapita juu kwenye barabara ya Expressway, na sisi tukabaki chini tukiwaangalia. Msongamano hautaondoka kwa sababu umeukasirikia. Ukishuka matatu ukiwa umechelewa na umetulia, angalau umechelewa tu.

3. Miguu ardhini. Kila asubuhi umati wa watu hutembea kutoka Kawangware kupitia Barabara ya Gitanga kuelekea Lavington na mbele zaidi, kwa kuwa nauli ni ghali au hakuna. Kama wewe ni mmoja wao, huhitaji kutenga wakati mwingine wa taamuli, unatembea nao. Chagua kipande kifupi ambacho kina njia ya waendao kwa miguu. Sikia kisigino kikigusa ardhi, kisha vidole. Kushoto, kulia. Hesabu hatua ishirini, anza upya. Lakini ukifika mahali pa kuvuka barabara, acha taamuli, tazama magari! Hatutaki kupoteza mwanachama.

4. Kazi ya mkono. Kuosha vyombo, kufua soksi, kuchambua maharagwe, kukanda unga wa chapati. Chagua kazi moja kwa siku na uifanye bila redio na bila simu. Sikia maji yalivyo baridi, povu linavyoteleza, sufuria inavyokwaruza. Mwanachama mmoja aliandika kwamba mamake alimshuku kwa sababu aliosha vyombo vyote bila kununa. Akamwuliza, "Umevunja nini?"

5. Kalamu chini. Hili ni la chumba cha mtihani. Karatasi ikishatolewa, au ukikwama katikati, weka kalamu mezani. Sukuma nyayo zako sakafuni. Toa pumzi polepole mara tatu, kila moja ndefu kuliko ile uliyovuta. Kisha shika kalamu na uanze na swali unaloliweza, hata kama ni la mwisho. Inachukua chini ya nusu dakika. Mimi nilipoteza zaidi ya nusu saa kwa kukosa nusu dakika hiyo.

Ukitaka mpango, huu hapa: pumzi kumi ukiamka, kumi kwenye matatu, kumi kabla ya somo la kwanza, kumi baada ya chakula cha mchana, kumi kabla ya kulala. Usianze na nusu saa. Haba na haba hujaza kibaba, na aanzaye na debe huchoka siku ya pili.

Mahali pa kutua jijini

Nimesema huhitaji mahali maalumu. Hata hivyo ukipata mti na nyasi, kazi huwa nyepesi, na jiji letu bado lina mahali kama hapo. Tukumbuke pia kwamba mengi ya hayo yangalipo kwa sababu kuna watu walioyapigania.

Bustani ya Jeevanjee ilitolewa kwa wananchi na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka wa 1906. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na mpango wa kuigeuza kuwa maegesho ya magari; mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza kampeni ya kuipinga, na bustani ikabaki. Mchana huwa na wahubiri, kwa hiyo ni mahali pazuri pa zoezi la kusikiliza.

Uhuru Park ilifunguliwa mwaka wa 1969. Mwaka wa 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga humo jengo la ghorofa 60. Profesa Wangari Maathai aliandika barua baada ya barua, akatukanwa hadharani, lakini hakurudi nyuma, na jengo halikujengwa. Mwaka wa 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Ukikaa pale kwenye nyasi, kumbuka kwamba juu ya kichwa chako pangekuwa na ghorofa.

Arboretum, karibu na Kileleshwa, ilianzishwa mwaka wa 1907 ili kufanyia majaribio miti ya kukua haraka, kuni za kuendeshea treni zikihitajika. Miti iliyopandwa kwa ajili ya mwendo wa treni sasa ni kivuli cha wanaopumzika.

Na pale Haile Selassie Avenue inapokutana na Moi Avenue kuna bustani ya kumbukumbu ya shambulizi la bomu la tarehe 7 Agosti 1998, ambapo zaidi ya watu 200 walipoteza maisha hapa Nairobi. Majina yao yameandikwa ukutani. Nje ya ua magari yanapiga honi. Ndani watu hunong'ona tu. Hakuna aliyewafundisha. Mtu akisoma majina yale hutua mwenyewe.

Tahadhari

Waama, kila kizuri kina mipaka yake. Naomba usome sehemu hii kwa makini kuliko zote.

Kwanza, taamuli si chakula wala kodi ya nyumba. Babangu hakupata kazi kwa sababu mimi nilihesabu pumzi. Mtu mwenye njaa umpe chakula kabla ya kumpa mafunzo ya kupumua.

Pili, si njia ya kunyamazia maovu. Ukionewa, ukipigwa, ukiguswa vibaya, usikae ukihesabu pumzi. Sema, kwa mzazi, kwa mwalimu unayemwamini, kwa polisi. Profesa Maathai hakuiokoa Uhuru Park kwa kukaa kimya.

Tatu, kwa watu wengine kukaa kimya huleta hofu badala ya utulivu, hasa walioona mambo ya kutisha au waliofiwa karibuni. Ikikutokea, fungua macho, simama, tembea, ongea na mtu. Hujashindwa. Na ikiwa huzuni au hofu haikuachi kwa majuma, au unawaza kujidhuru, mwendee mwalimu wa ushauri nasaha au daktari siku hiyohiyo. Huo ni mzigo wa kutuliwa na watu wawili.

Nne, jihadhari na wanaodai pesa nyingi ili wakufundishe siri. Hakuna siri. Yote ninayoyajua umeshayasoma.

Hitimisho

Utauliza, je, mtihani uliofuata ulikuwaje? Nitakuambia ukweli. Sikuwa wa kwanza, wala wa kumi. Tarakimu zilianza kucheza tena kwenye swali la nne. Nikaweka kalamu chini, nikasukuma nyayo sakafuni, nikatoa pumzi mara tatu. Mwalimu msimamizi akadhani nimemaliza, akaja kuchukua karatasi. "Bado, mwalimu," nikasema, "ninatua." Akanitazama kwa mshangao, akapita. Nilimaliza maswali yote. Mengine niliyakosa, lakini niliyakosa kwa kutojua, si kwa kuogopa. Kutojua kuna dawa, nayo ni kusoma.

Nyumbani mambo hayajawa rahisi. Babangu hufanya vibarua, na kodi bado huzua maneno. Jioni moja mzozo ulipoanza, nyanyangu alikuwepo. Hakumwunga mkono yeyote. Alisema tu, "Wanangu, tuketi kwanza." Tukaketi wote watano. Kwa muda kidogo hakuna aliyesema, ukasikika tu mvuke wa chai ukiinua kifuniko cha sufuria. Halafu babangu akaanza kueleza, kwa sauti ya chini, ni kiasi gani amepata wiki hiyo.

Ndugu msomaji, kabla hujafungua ukurasa unaofuata, weka gazeti mapajani. Pumzi kumi tu. Ukifika nne ukaanza kuwaza chakula cha mchana, unajua la kufanya.

Msamiati

taamuli – kuelekeza nia kwa utulivu juu ya jambo moja
kipumuo – alama ya mkato. Mahali pa kuvuta pumzi
dhikri – kumtaja Mungu kwa kurudiarudia
neva – nyuzi za mwilini zinazopeleka habari kati ya ubongo na viungo
waama – kwa hakika

Maswali ya kujadili

1. Nyambua kitenzi tua katika kauli tano tofauti, kisha utunge sentensi moja kwa kila kauli.
2. "Mtu hawezi kuhesabu akiwa anakimbia." Eleza maana ya maneno haya ukizingatia kisa cha moto.
3. Mwandishi anasema taamuli si njia ya kunyamazia maovu. Je, unakubaliana naye? Toa mifano.
4. Mwulize mzee mmoja nyumbani au mtaani kwenu alivyokuwa akijituliza wakati wa shida. Andika jibu lake katika ukurasa mmoja, usisahau kutia vipumuo.